Chungu Bila Kifuniko

Vrlovac, 24 Septemba 1984

Mdogo wangu Lepa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Zagorka. Sisi ni wazima, ukiacha mgongo wangu, ambao huanza kulalamika kila plamu zinapoiva. Natumaini wewe na shemeji Obrad hamjambo huko Novi Sad, na kwamba lifti ya jengo lenu imetengenezwa, maana mara ya mwisho nilipanda ngazi zenu na gunia la viazi begani mpaka nikaona nyota mchana.

Plamu mwaka huu zimezaa hadi matawi yameinama. Mapipa makubwa yamejaa na yameanza kuchachuka, ukiweka sikio unasikia yakinong'ona. Zile za safu ya juu nimezitia peke yake kwenye pipa dogo, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Angekuwepo angesema ni mwaka mbaya, kwa sababu hakuna mwaka aliowahi kuusifu kabla hajaonja, lakini moyoni angefurahi.

Sasa sikiliza. Jana niliingia bandani kuusugua mtambo wa kupikia rakia. Jiko lipo. Chungu cha shaba kipo. Pipa la maji ya kupozea lipo. Kifuniko hakipo, na bomba lake halipo. Nimetafuta darini, nimetafuta zizini, nikamshuku Dragojlo wa jirani na kumwambia maneno ambayo sasa itanibidi nimwombe radhi. Ndipo Zagorka akakumbuka kwamba ulipoondoka hapa mwezi wa tano, baada ya arobaini ya baba, mkoba wako ulikuwa mzito ajabu na ulikataa kubebewa. Alidhani umechukua jibini, akanyamaza kwa heshima.

Lepa, kama ni wewe, naamini ulikichukua kwa bahati mbaya. Sijui mtu anachukuaje kwa bahati mbaya kifuniko kikubwa kama kichwa cha ng'ombe, pamoja na bomba, lakini niko tayari kuamini. Kimpe Mijat, dereva wa basi, naye atakishusha hapa njia panda.

Unajua kwa nini nina haraka. Slava ya mwaka huu, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, ni ya kwanza mimi nikiwa mwenye nyumba. Siku ya Malaika Mkuu Mikaeli padri na majirani wote watakaa kwenye meza ya baba, na wataonja rakia yangu, pombe ya plamu hizi hizi, kabla hawajanitazama usoni. Nikiwapa ya dukani, au iliyopikwa kwenye chungu cha mtu mwingine, nitakuwa nimewaambia kwamba moto wa nyumba hii ulizimika siku tuliyomzika mzee.

Kaka yako,
Tihomir


Novi Sad, 2 Oktoba 1984

Kaka Tihomir,

Salamu kwako na kwa wifi. Sisi hatujambo, lifti bado ni mbovu, na Obrad amepungua mwili kwa ngazi hadi suruali zake nimezirudisha kwa fundi. Mgongo wako upake maji ya kwanza ya mtambo, yale ambayo baba alikataza mtu kuyanywa. Ah, nimesahau, hujapika.

Kifuniko ninacho mimi. Sikukichukua kwa bahati mbaya. Kiko hapa roshani, nimekigeuza juu chini, nimekitia udongo na kupanda ua jekundu, nalo limestawi vizuri. Bomba naanikia soksi.

Na kwa kuwa tunazungumza habari za rakia, mimi pia nina shida yangu. Tangu Julai nimeloweka jozi mbichi, zile zinazochumwa ganda likiwa bado kijani na laini, pamoja na mdalasini na maganda ya chungwa, kama ninavyofanya kila mwaka. Kila mwaka baba alinipa dumu la rakia yake, alinung'unika, lakini alinipa. Mwaka huu hakuna aliyenikumbuka, basi nikanunua pombe ya dukani. Matokeo yake yananuka kama chumba cha sindano. Mwanamke wa ghorofa ya chini, ambaye huomba kikombe kila mwaka, safari hii alionja, akashukuru, akaondoka bila kumaliza. Najua wewe unaziita chupa zangu supu ya mboga. Unasema anayetia kitu kwenye rakia ana kitu anachokificha. Haya, nami nakuambia kwamba anayenywa ya plamu tupu maisha yake yote hana anachokijua.

Kifuniko hakirudi kwa Mijat. Ukitaka kujua sababu, fikiria mwenyewe. Kukoroga plamu motoni ni kazi ndefu, utapata nafasi.

Mdogo wako,
Lepa


Vrlovac, 13 Oktoba 1984

Lepa,

Salamu. Wazima wote.

Ua? Umetia udongo kwenye kifuniko ambacho baba hakuruhusu mtu akiguse na mikono yenye sabuni?

Nimefikiria kama ulivyoniagiza, na sikupata kitu zaidi ya kichwa kuniuma. Nilikwenda mjini kwa mfua shaba. Ameniambia nimpelekee chungu, akipime, kisha nisubiri mpaka theluji iyeyuke, kwa sababu kila kifuniko hufuliwa kwa chungu chake. Nikarudi kwa Dragojlo, nikameza aibu, nikamwomba radhi na kumwomba kifuniko chake katika sentensi moja. Alikileta mwenyewe, ili acheke kwa karibu.

"Chungu chako kimekuwa mjane, Tihomir," akaniambia. "Haya, nimekiletea bwana mpya. Ila ni mfupi kidogo."

Ni mfupi kweli. Ukingo haukufika. Unajua baba alivyokuwa akipaka ule unga wa ngano na majivu, mstari mwembamba tu wa kuziba mvuke. Mimi nilitia bonge zima, kama mto wa kulalia. Zagorka alisema halitashika. Nikamwambia aende akachome pilipili zake. Moto ukakolea, ganda la plamu likaziba bomba la Dragojlo, mvuke ukakosa pa kutokea, ukajitafutia. Unga uliruka, kifuniko kiliruka, plamu ziliruka. Dari la banda sasa ni la zambarau, na Dragojlo, aliyekuwa ameinama kunusa, ana uso mwekundu na kofia ya sikukuu ambayo haitavaliwa tena kanisani. Hakuna kilichoungua zaidi ya heshima yangu. Kijijini wananiuliza kama nimeanza kupaka rangi majengo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hili si la mzaha. Maganda yameshazama pipani. Plamu zimetulia, ziko tayari, na plamu zilizo tayari hazimngoji mtu. Zikikaa sana zitakuwa siki, na wageni wa slava nitawapa saladi.

Niambie unachotaka. Nyama ya moshi? Jibini? Dumu la rakia ya baba kwa ajili ya hiyo supu yako? Nitakutumia vyote. Unataka Zagorka aje akubembeleze? Atakuja. Sema tu, usinizungushe.

Kaka yako aliyechoka,
Tihomir


Novi Sad, 19 Oktoba 1984

Kaka Tihomir,

Salamu kwako, na salamu za pekee kwa wifi, kwa sababu najua ni yeye aliyepanda ngazi kulisugua lile dari. Obrad alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi pia nilicheka. Kisha nikafika pale unaponipa nyama ya moshi, na hasira ikarudi yote.

Nani kakuambia nina njaa?

Nitakukumbusha siku ile, naona imekutoka. Kesho yake baada ya arobaini tulikwenda mahakamani. Hakimu, mama mmoja mwenye mafua, aliuliza warithi ni akina nani. Nikasimama, nikasema najitoa kwenye urithi kwa ajili ya kaka yangu. Nilisema kama shangazi Stamena alivyosema kwa ajili ya baba, na kama kila msichana wa Vrlovac anavyosema. Maneno hayo tunafundishwa kabla ya kufundishwa kusuka nywele. Hakimu akaniuliza kama nina hakika. Yeye, mtu baki mwenye leso puani, aliuliza. Nikageuka nikutazame.

Hukuwepo. Ulikuwa umetoka kwenda kutafuta mpira wa pampu ya dawa ya miti, kwa sababu duka lingefungwa adhuhuri.

Nikasema nina hakika. Uliporudi ulikuwa umeushika ule mpira mkononi, umefurahi kuupata. "Tayari?" ukasema. "Haya, twende, basi litatuacha." Hayo ndiyo maneno yote niliyopata kwa nyumba niliyozaliwa, bustani, malisho, na vuli zote nilizoinama chini ya miti ile nikiokota plamu kwenye ukungu huku vidole vimekufa ganzi. Nyumbani mlizungumza juu ya paa. Wifi alinifungia kuku wa njiani. Nilipita bandani kuuaga mtambo, nikakiona kifuniko kwenye msumari wake, nikakitia mkobani. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe na mimi nikauacha uende.

Nilijitoa kwa hiari, na sijutii, na sirudi mahakamani. Sikutaka shamba, Tihomir. Nilitaka niulizwe.

Lepa


Vrlovac, 24 Oktoba 1984

Lepa,

Salamu, na afya njema kwako na kwa shemeji.

Barua yako nimeisoma bandani, nikaisoma jikoni, kisha Zagorka akanisomea kwa sauti kwa sababu alidhani sijaielewa. Nimeielewa. Nisichokielewa ni hiki: nani huuliza? Baba alimwuliza Stamena? Dragojlo aliwauliza dada zake? Dada anakuja, anasema anajitoa, analishwa, anafungiwa kuku wa njiani, mambo yanaisha kwa amani. Ukimwuliza ni kama unamtilia shaka. Na mpira ule ulikuwa wa lazima. Ugonjwa wa ukungu ulikuwa umeshaingia kwenye majani, na plamu hizi unazozinyima kifuniko zilipona kwa mpira huohuo.

Halafu ungeweza kusema. Ulikuwa na mdomo mezani, ulikuwa na mdomo kwenye basi. Mtu ananyamaza mwezi wa tano, mimi napasukiwa na chungu mwezi wa kumi. Huo ndio uungwana?

Lakini sawa. Kuuliza si ujinga. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu limeshaumia. Mapipa nimeyafunika kwa nailoni na udongo wa mfinyanzi yasipate hewa, na kila asubuhi nayanusa kama mama anayenusa kichwa cha mtoto mwenye homa. Basi nakuuliza, hapa, kwa mwandiko wangu, na Zagorka ni shahidi. Mdogo wangu Leposava, katika vya baba, unataka nini?

Haya, nimeuliza. Nakujua moyo, najua utakavyojibu, na nakushukuru tangu sasa. Mijat anapita huko Jumanne. Ua lihamishie kwenye ndoo.

Kaka yako,
Tihomir


Novi Sad, 29 Oktoba 1984

Kaka Tihomir,

Sisi wazima. Nakushukuru kwa kuniuliza, na sisemi kwa kejeli. Nilikaa na barua yako mapajani hadi chakula kikaungua, na Obrad akala mkate na kitunguu.

Najua jibu linalotakiwa. Mgeni akiulizwa kama ameshiba husema ameshiba, na dada akiulizwa husema hataki kitu. Ndiyo maana ulinishukuru kabla sijajibu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Umeuliza, nami nakujibu.

Nataka safu ya juu.

Ile ya plamu za kienyeji, kando ya barabara. Nilikuwa sijaanza shule baba alipoipandikiza. Yeye alichanja shina kwa kisu, mimi nikashika kijiti kisitikisike, kisha akafunga kwa matambara ya shati lake la zamani, na kila mara akaniambia nisipumue. Wewe ulikuwa mtoni unaogelea. Hakuna mti pale ambao haukupita vidoleni mwangu. Bustani iliyobaki ni yako, nyumba ni yako, malisho ni yako, na paa linalovuja pia nakuachia kwa roho safi.

Najua watakachosema. Watasema Leposava wa marehemu Radojica kamvua kaka yake shati. Waseme. Mimi ndiye nitakayepita pale dukani wanawake wakinyamaza ghafla, na nimeshakubali.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Lepa


Novi Sad, 7 Novemba 1984

Kaka,

Hamjambo? Nauliza kwa kweli. Mijat amekuja na kurudi bila barua, na nilipomwuliza kama amekuona alianza kukagua matairi yake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimekaa nikingoja mshindo. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Niite mchoyo, niite mtu wa mjini, nitakujibu na tutaendelea. Lakini kumwuliza mtu, kisha jibu lake likakukaa kooni, ni vibaya kuliko kutouliza kabisa. Mwezi wa tano angalau sikuwa nimetegemea kitu.

Ua nimelihamisha. Kifuniko nimekisugua kwa chumvi na siki mpaka najiona humo ndani. Ninayemwona amezeeka, na ana pua ya baba. Sikukisugua ili nikutumie. Nimekisugua tu.

Plamu zinaendeleaje? Nijibu hilo hata kama hutanijibu lingine.

Lepa


Vrlovac, 11 Novemba 1984

Mdogo wangu Lepa,

Sisi wazima, na plamu pia bado ni nzima. Baridi imetusaidia. Pipa moja limeanza ukali kidogo juujuu, chini ni zuri. Lile dogo halina neno.

Nilikasirika. Nilimkasirikia hata Mijat, ambaye kosa lake ni kuleta barua. Safu ya juu ndiyo uso wa bustani ile, unajua, mtu akipita barabarani ndiyo anayoiona. Nikajiambia, leo ni ya Lepa, kesho ya Obrad, keshokutwa ya mtu nisiyemjua anayeegesha gari chini ya miti ya baba. Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoanza kukiandika kilifaa kuwashia jiko tu.

Mwisho nikaenda kwa shangazi Stamena. Sikufichi, nilikwenda anitie nguvu. Nilitaka yeye, aliyejitoa bila makelele, akuandikie akuaibishe. Nilimkuta anakanda unga. Nikamweleza yote, na kweli akasema mila ni mila, na wewe umeharibiwa na lami ya mjini. Nikafurahi. Akanipa kahawa. Na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, kama yeye siku ile alipojitoa kwa ajili ya baba hakutamani kitu chochote.

Hakuacha kukanda. "Kale kamalisho ka kisimani," akasema.

Nikamwuliza mbona hakumwambia baba.

"Nani aliniuliza? Wewe ndiye wa kwanza, mwanangu, na umechelewa. Kila mwaka nikija kwenu slava napita njia ya nyuma, ili nisikaone."

Lepa, maisha yangu yote nimeamini kwamba shangazi anapita nyuma kwa kuogopa mbwa. Tulikuwa tunamfunga mbwa kwa ajili yake. Baba alimfunga kwa mkono wake mwenyewe, kila slava, akisema dada yangu ni mwoga. Na mama mzima kama yule alizunguka kilima na sinia la keki mikononi, kila mwaka, na hakuna aliyefumbua kinywa. Nimekasirika upya, na sasa sijui nimkasirikie nani, maana wengi wao tumeshawazika.

Basi chukua. Safu ya juu ni yako. Tumeshapiga vigingi. Dragojlo alisimama shahidi na alicheka tangu kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho, akasema sasa chungu kina mahari. Kesho naenda halmashauri waiandike kwa jina lako, na safari hii duka la pampu na lifungwe. Lakini utakuja kupogoa mwenyewe, utakuja kupiga dawa mwenyewe, na mtu yeyote wa mjini akiegesha gari pale namfungulia mbwa. Hayo ndiyo masharti yangu, nami pia nina haki ya kuwa nayo.

Kifuniko usimpe Mijat. Kilete wewe.

Kaka yako,
Tihomir


Novi Sad, 13 Novemba 1984

Kaka Tihomir,

Salamu kwa wote. Nililia, nimeacha.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Kifuniko nitakipakata, bomba litakaa mbele na Mijat kwa sababu linachoma watu. Unga usiukande wewe, unatia maji mengi. Kata kuni za mti mgumu, na usiwashe kitu kabla sijafika.

Mwambie shangazi Stamena aje slava kwa njia ya mbele. Mwambie ni mimi niliyesema.

Mdogo wako,
Lepa


Vrlovac, 25 Novemba 1984

Mdogo wangu Lepa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima, na mgongo umetulia kwa yale maji ya kwanza uliyonisugulia, ingawa Zagorka anasema ninanuka kama harusi. Natumaini ulifika salama na kazini hawakukusumbua. Ilinikera kwamba hawakukupa ruhusa ukae mpaka slava. Meza ilikuwa na pengo, na kila mtu alilitazama.

Padri alibariki mkate, tukaugeuza na kuuvunja, kisha akapewa glasi. Aliiinua kwenye mwanga, akanusa, akanywa. Akanyoosha glasi tena. Dragojlo alitikisa chupa, akautazama ule ushanga wa mapovu ukikaa shingoni bila kukimbia, kama unavyokaa kwenye rakia nzuri, akauliza ni nani aliyepika. Nikasema tumepika. Akauliza tumepika akina nani. Nikamwambia anywe.

Kuna jambo sikukuambia siku ile tulipopika bandani. Ulipomimina viganjani, ukasugua, ukanusa, ukasema moyo wake, ile sehemu safi ya katikati, bado haujafika, mimi niliona umefika na nilikuwa nimeshafungua kinywa kukupinga. Kisha nikaona umefumba jicho moja. Baba alikuwa anafumba jicho lilelile. Nikageuka nikachochea moto, ambao haukuhitaji kuchochewa.

Shangazi alikuja kwa njia ya mbele. Alisimama pale kisimani na sinia lake, akasimama, akasimama. Zagorka alitaka kumwita kwa sababu kabichi zilikuwa zinapoa mezani. Nikamzuia. Tulikula kabichi baridi, na padri hakulalamika. Nimemwuliza shangazi kama anakataka kale kamalisho sasa. Ameniambia amezeeka, ng'ombe hana, atafanyia nini, ila nimwekee benchi. Nimeshachonga miguu yake.

Mijat anakuletea dumu. Ni rakia ya pipa dogo, ya safu yako peke yake, hatukuichanganya na kitu. Ukitaka kuitia jozi na mdalasini na takataka nyingine, ni yako, itie, lakini usiniandikie kunieleza.

Jambo la mwisho. Ulisahau kifuniko. Ulikiacha juu ya chungu, na ulipopanda basi mkoba wako ulikuwa mwepesi hadi Mijat akaniuliza kama tumegombana tena. Nimekiosha kwa maji ya moto, nimekikausha, nimekifunga ndani ya kile kizibao cha ngozi ya kondoo cha baba, na ndicho hicho alichokupa Mijat pamoja na dumu. Bomba litafuata. Zagorka anasema nimerukwa na akili, mtu amekipata kifuniko kwa taabu namna ile, halafu anakirudisha.  Dragojlo anakuja bandani, anakitazama chungu, anatikisa kichwa, anaondoka.

Kaa nacho huko. Bila hicho siwezi kupika hata glasi moja, na ndivyo ninavyotaka iwe. Kila mwaka plamu zikiiva nitalazimika kukuuliza.

Usipande ua ndani yake.

Kaka yako,
Tihomir